Alama ya Tairi Chini ya Beseni

Sikumwamini tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya koti la mvua. Alikuwa anavuka mpaka pale Petite Barrière kila asubuhi kutoka Goma, mfuko wa vyuma begani na koti la mvua la kijani kwapani, hata siku ambazo jua lilikuwa linachoma tangu saa moja. Mimi ni mtu wa kujiuliza. Mtu mwenye akili timamu anabeba koti la mvua la nini siku ya jua? Nikajijibu mwenyewe: anapitisha kitu mpakani. Kwa wiki mbili nililichunguza lile koti kwa jicho la pembeni kila alipolikunjua, nikingoja kitu kianguke. Hakikuanguka chochote ila mchanga mweusi. Baadaye nikaona kazi yake: alilitandika chini kila alipofungua gurudumu, ili bolti na bearingi zisiokote changarawe. Hapo ningetulia, lakini wapi. Nikaanza kujiuliza kwa nini asitumie gunia kama sisi wengine.

Ndivyo nilivyokuwa, na sijapona kabisa. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, na huko ndiko nilikojifunza kuziba pancha za malori. Nilirudi katika nchi ya wazazi, niliyoijua kwa masimulizi ya nyumbani tu, nikafikia Gisenyi, mji unaotazamana na Goma. Na Gisenyi ya miaka ile, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake mara mbili. Waliotoka Uganda walitutazama sisi wa Tanzania, sisi tuliwatazama waliotoka kwenye kambi za Zaire, na wale ambao hawakuwa wametoka popote walitutazama sisi sote. Vijijini barabara zilikuwa na askari, kwa sababu milimani kulikuwa bado na watu wa msituni wenye bunduki. Ukikohoa, mtu anajiuliza umemkoholea nani.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, kando ya barabara inayoshuka kwenda Petite Barrière. Mimi nilikuwa na pampu na jina la kuwa fundi wa Tanzania. Yeye alikuwa na vyuma vizuri vya kutolea matairi, na mikono isiyochoka. Kwao Goma fundi wa matairi anaitwa kwado, na wateja walimwita hivyohivyo. Mimi aliniita mukubwa, ingawa sidhani kama nilimzidi hata miaka mitatu. Hilo nalo nililitilia shaka.

Kitu kilichotugombanisha hasa ni matairi ya gari kwenye pikipiki. Matairi mapya ya pikipiki yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na yakipatikana, mawe ya volkano ya barabara zetu yaliyatafuna katika miezi miwili. Matairi ya magari yaliyokwishatumika yalikuwa yamejaa Goma, kina mama waliyavusha mpakani wakiwa wameyavaa mabegani. Kwado akaona njia. Alitafuta ringi ya gari dogo, akaipeleka kwa mchomeleaji ikatolewa tumbo lake la kati, akaitoboa matundu kuizunguka pande zote, akaifunga spoku hadi kwenye kitovu cha gurudumu la pikipiki. Juu yake akavisha tairi la gari na tyubu ndani. Gurudumu la nyuma tu. La mbele alikuwa haligusi.

"Pikipiki inalala kwenye kona," nilimwambia. "Tairi lake lina tumbo la mviringo ili lilale nayo. Tairi la gari lina unyayo bapa. Litagoma kulala."

"Mukubwa, hapa nani iko na mbio ya kulala kwa kona?" akanijibu huku akicheka. "Mawe inakula mupira ya pikipiki kama biskuti. Ya gari inamaliza mwaka. Mutu anataka kufika, c'est tout, basi."

Nikamwambia kwenye kibanda changu kazi hiyo haitafanyika. Nilisema kibanda changu, ingawa pango tulilipa nusu kwa nusu. Akasema bon, sawa, akaendelea kuziba pancha. Na mimi nikabaki na wasiwasi kwamba ananikubalia upesi mno.

Kisha malaria ikanilaza siku kumi. Niliporudi kibandani nikiwa mwembamba kama spoku, niliona kila kitu kiko mahali pake, pampu imepakwa mafuta, sakafu imefagiwa. Badala ya kushukuru nikajiuliza kumefanyika nini hadi pakahitaji kufagiwa.

Siku ya tatu baada ya kurudi kazini, askari wawili walikuja kunichukua. Wakaniambia konseye wa Kanzenze ananiita. Konseye ndiye alikuwa mkuu wa eneo, na Kanzenze ni juu huko kwenye mashamba ya viazi, mbali na mambo yangu. Ndani ya gari lao nilikuwa najikagua kichwani kama nimewahi kuziba pancha ya mtu nisiyepaswa.

Kumbe walinihitaji kwa ujuzi wangu. Ghala la ushirika lilikuwa limevunjwa na magunia matatu ya mbegu za viazi yameondoka. Mbegu za viazi zinaliwa vilevile, na miaka ile chakula kikitoweka hakuna aliyewaza mwizi wa kawaida. Wote waliwaza msitu. Nyuma ya ghala palikuwa na njia, upande mmoja mawe matupu, upande wa pili udongo laini. Kwenye udongo walikuwa wamefunika kitu kwa beseni la bluu la plastiki, wakaweka na jiwe juu ili upepo usilipeperushe. Afande mmoja aliyekulia Uganda akaliondoa lile beseni kwa mikono miwili, polepole.

"Wewe fundi," akasema. "Angalia hii. Ni tairi ya nini?"

Nikapiga magoti. Watu wote walikuwa wamenizunguka, wananitazama mimi, na nakiri kwamba nilijisikia mtu. Alama ilikuwa nzuri, mvua ya jana yake ilikuwa imelainisha udongo kama unga uliokandwa. Tairi jembamba, mistari minne ya mapindapinda inayokwenda kwa urefu. Pembeni, kipande cha mpira kilikuwa kimenyofoka, na pengo lake lilikuwa na umbo la haragwe. Kandokando niliona pia kama mkwaruzo wa baiskeli, nikaupuuza. Upande wa pili wa njia hapakuwa na alama, lakini ni mawe, nani anategemea alama kwenye mawe?

"Ni dushevo," nikasema. Ndivyo watu walivyokiita kile kigari cha zamani cha Kifaransa chenye mgongo wa kobe. "Hakuna gari jingine lenye tairi jembamba hivi."

Hapo ningenyamaza. Niliulizwa tairi, nikajibu tairi, kazi imekwisha. Lakini nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya watu wote wale, na utamu wa kujua ukanipanda kichwani.

"Na dushevo ninalojua mimi huku," nikaongeza, "ni moja tu. Lipo Nyakiriba."

Lilikuwa la mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa kiwanda cha chai, mtu wa kofia ya kahawia aliyeivua kila alipomsalimu mtu, hata fundi mwenye mikono ya grisi. Nilikuwa nimewahi kumzibia pancha. Mchana uleule walimfuata. Na walipofika nyumbani kwake walikuta dushevo limekaa juu ya mawe, gurudumu la nyuma la kulia halipo. Mzee akasema gurudumu hilo aliliuza zamani kidogo, kwa mama mmoja mchuuzi wa pale Petite Barrière, jina lake hakuliuliza. Wakamcheka. Gurudumu linalotafutwa ndilo hasa limetoweka? Kwao huo ndio ulikuwa ushahidi wenyewe: ameling'oa, amelificha. Wakamtia kasho, kile chumba cha mahabusu cha komuni. Miaka ile mtu akiingia kasho kwa jambo la msitu, hakuna aliyejua atatoka lini, na wazee hawakuwa wanadumu sana mle ndani.

Mimi niliporudi kibandani nilimsimulia kwado habari yote, na nilitia chumvi kidogo. Akaacha kazi akanisikiliza. Akauliza tu, "Muzee iko na umri gani?" Nikamwambia sijui, labda sabini. Akarudi kwenye gurudumu lake. Machale yakanicheza. Kwa nini anauliza umri?

Wiki moja baadaye, asubuhi, bwana shamba akaja akisukuma pikipiki. Ndiye aliyekuwa akizunguka Nyakiriba na Kanzenze kuwafundisha watu kupanda viazi kwa mistari, watu wakimwita agronome. Tairi la nyuma lilikuwa limekula msumari. Kwado alikuwa bado hajafika, foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, kwa hiyo nikalifungua mwenyewe. Nililala chali kulegeza nati, na nilipolivuta gurudumu kuelekea kwangu nikaona ringi yenye matundu mapya na spoku zinazong'aa, na juu yake tairi la gari.

"Nani alikuwekea hili?" nikamwuliza.

"Mwenzio," akasema bwana shamba. "Ulikuwa mgonjwa. Nililinunua kwa mama mmoja pale mpakani, gurudumu zima, nikamletea akalitengeneza. Zuri sana. Linakataa kona kidogo, lakini nimelizoea."

Nikalizungusha kutafuta msumari. Mistari minne ya mapindapinda. Nikalizungusha tena, na pale pembeni nikaliona pengo la haragwe. Nikaliingiza kidole. Nilikuwa nimepiga magoti tena, lakini safari hii hakuna aliyekuwa ananitazama ila mwenye pikipiki, naye alikuwa anasoma karatasi zake.

Nikayaona yote kwa mpigo. Pikipiki ikienda moja kwa moja, gurudumu la nyuma linapita palepale lilipopita la mbele na kuifuta alama yake. Ule mkwaruzo niliodhani ni wa baiskeli ulikuwa wa tairi la mbele, pale lilipopinda kidogo. Na upande wa mawe haukuwa na alama kwa sababu hakukuwa na gurudumu jingine la kuacha alama. Mimi, fundi wa Tanzania, niliyesema tairi la gari haliwi la pikipiki, niliona tairi la gari ardhini nikaliunganishia gari lote juu yake, na ndani ya gari nikamweka mzee wa watu.

"Hivi," nikamwuliza bwana shamba, nikijitia hamnazo, "siku ile ya mambo ya ghala ulipita Kanzenze?"

"Napita kila wiki. Ghala lile si ndimo ninamoweka vipimo vyangu? Nilipita mchana, kabla halijavunjwa." Akainua macho. "Kwa nini? Si walisema ni gari?"

"Nilikuwa nauliza tu," nikasema.

Kwado alipofika nilimvuta nyuma ya mabati. Nilikuwa na hasira, na yote niliielekeza kwake maana sikuwa na pa kuipeleka kwingine. Nikamwambia alikaidi amri yangu, alinizunguka nikiwa kitandani, na sasa mzee yuko kasho. Akakaa chini juu ya tairi.

"Mi niliweka, ndiyo," akasema. "Agronome alikuwa hana mupira. Mi sikujua kama iko ya ule muzee." Akafuta mikono. "Bon. Mukubwa, twende tuseme."

"Twende wapi?"

"Kwa afande. Sisi wawili. We utasema vile uliona, mi nitasema vile nilifanya. Muzee atatoka."

Alisema kwa urahisi hivyo. Mtu wa Goma, mwenye kikaratasi cha kuvukia tu, anataka kwenda kwa afande kwa hiari yake? Nikamtazama vizuri. Nikawaza atafika kule aseme kibanda ni changu, amri ni zangu. Nikawaza labda yeye na bwana shamba wana lao. Nikawaza mambo mengi, na lililo chini ya yote hayo lilikuwa woga mtupu: fundi anayezifanya pikipiki zipite kwa alama za gari, wakati askari wanasoma alama kila asubuhi, angeeleza nini akaeleweka? Na nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya kijiji kizima. Nani anapenda kulimeza neno lake mbele ya kijiji?

"Ngoja," nikamwambia. "Tusikurupuke."

Tulingoja siku nne. Kila asubuhi alipofika alitandika koti lake na kuniuliza, "Leo njo tutaenda?" Na kila asubuhi nilikuwa na sababu.

Siku ya nne mke wa yule mzee akapita kibandani, mfuko wa chakula mkononi, anatoka kasho. Mimi sikumjua, lakini kwado alisimama, akamsalimu na kumwuliza hali ya mzee, maana alikuwa amekwisha kumwona akipita kwenda kasho. Alikuwa mama mdogo wa mwili, miguu ina vumbi hadi magotini, kwani kutoka Nyakiriba alikuwa anatembea. Hakuja kulalamika. Afadhali angelalamika.

"Mutoto wangu," akaniambia, "walisema we njo unajua mapira kushinda batu bote. Njoo uone gari yetu. Majani inaota ndani. Utaona kama iliweza kutembea, kisha utabaambia. Bao watakusikia we."

Nilimwahidi nitakuja. Alipoondoka nikamgeukia kwado na kumwambia, "Huyu anajua. Amekuja kunitega." Kwado akainamia kazi yake.

Usiku ule sikufanya lolote la maana ila kugeukageuka. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kazi za pamoja, na baada ya kazi huwa na mkutano, na mkutano wa Kanzenze afande alikuwa haukosi. Bwana shamba naye alipaswa kuwepo. Asubuhi kwado akaniuliza kama kawaida, leo njo tutaenda? Nikamwambia Jumatatu. Kisha nikatoka nikaenda kumwomba bwana shamba lifti, nikamdanganya kwamba nina mteja kule juu.

Kwa nini nilimwacha? Nimejipa majibu mengi miaka hii. Nilijiambia namkinga asiingie matatani. Si kweli. Sikutaka awepo kuyasikia nitakayosema, kwa sababu nilikuwa bado sijajua nitasema nini.

Ndiyo mara pekee niliyopanda pikipiki ile. Kwenye kona za kupanda Kanzenze bwana shamba aliisukuma ilale, nayo ikawa inajiinua, kama mbuzi anayekataa kuvuka maji. Nilimshika kiuno mtu ambaye nilikuwa nampeleka kushtakiwa, naye alikuwa ananipigia stori za mbolea.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja mbele ya ghala. Konseye alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Kinyarwanda changu kilikuwa cha nyumbani, chenye lafudhi ya Karagwe, na watu walizoea kukicheka, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Nikasema nilikosea. Nikasema tairi ni lilelile, gari ndilo silo. Kukawa na manung'uniko. Nikaomba beseni lifunuliwe. Lilikuwa bado palepale na jiwe lake, hakuna aliyethubutu kuligusa. Alama ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu kama tofali. Nikamwagia maji udongo wa pembeni, nikaishika pikipiki ya bwana shamba, nikaisukuma ipite juu yake taratibu, watu wote wakiinama kutazama. Mistari minne. Kisha, hatua moja na nusu mbele, haragwe.

"Yewe!" mtu akasema nyuma yangu.

Bwana shamba alikuwa amesimama mdomo wazi. Kisha akapaza sauti kwamba yeye hupita pale kila wiki, kazi yake ni ghala lile, na kwamba tangu mwanzo kila mtu alisema gari, gari, hakuna aliyemwuliza habari ya pikipiki. Ilikuwa kweli. Na konseye alikuwa na daftari la ziara zake, na mle imeandikwa alipita mchana ule na ghala likiwa zima. Hapo nikaanza kupumua. Mzee atatoka, bwana shamba yuko salama, nami nimelimeza neno langu na sijafa.

Afande hakuwa ameridhika. Alichuchumaa, akazigusa zile spoku, akayagusa matundu ya ringi moja moja kwa kucha.

"My friend," akasema bila kuniangalia, "huyu mtu alitengeneza hii kitu, ni na—"

"Si mimi, afande," nikasema. "Ni yule wa Goma."

Akanyanyua uso. Nakumbuka kwamba hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyekuwa anauliza kwa kupendezwa na kazi, na sasa amepewa kitu kingine cha kufikiria.

"Wa Goma," akarudia. Akaandika.

Mzee alitolewa kasho Jumapili. Kwado hakuvuka Jumatatu. Nilimngoja hadi saa nne, nikijiambia ni foleni, kisha mama mmoja wa matairi akaniletea habari: walikuwa wanamngojea mpakani. Walimhoji muda mrefu, akasema yule mama, tangu mpaka ulipofunguliwa. Wakachukua kikaratasi chake cha kuvukia, wakamwambia asionekane tena upande huu. Hakupigwa. Nilimwuliza mara mbili, akaapa kwamba hakupigwa.

Kibandani palibaki mfuko wake wa vyuma na koti la kijani; Jumamosi aliviacha, maana nilimwambia Jumatatu tungekwenda kwa afande. Wiki ile ikatoka amri kwamba pikipiki zote zenye matairi ya gari ziletwe yatolewe, na nani wa kuyatoa ila mimi? Zilikuja saba. Kumbe kwado alikuwa ametengeneza saba katika siku zile kumi, na kila moja ilikuwa imefungwa spoku kwa mkazo sawa, hakuna ringi hata moja iliyoyumba. Nilitafuta kosa katika zote saba. Bwana shamba, aliyelazimika kupanda Kanzenze kwa miguu mwezi mzima, aliacha kunisalimu.

Mbegu za viazi hazikujulikana zilikokwenda. Hadi leo ninao watu watatu ninaowashuku.

Mzee alikuja kibandani siku moja, amekonda. Alivua kofia. Nilitegemea anitukane, akanishukuru kwa kurudi Kanzenze kusema, akasema si wengi wangerudi. Kisha akauliza, "Na yule mwenzako iko wapi? Mama alisema aliongea naye muzuri." Nikamwambia amehama.

Miezi ikapita ndipo nikavuka. Nilijiambia namrudishia mtu mali yake, basi. Nilikuwa na baiskeli, mfuko wa vyuma nimeufunga nyuma, koti juu yake. Nilimkuta Goma kando ya barabara, chini ya turubai, anatumia vyuma viwili vibovu vilivyopinda. Aliponiona alisimama, kama alivyosimama kwa yule mama.

"Mukubwa," akasema. "Karibu. Muzee alitoka?"

"Alitoka."

"Bon." Akaupokea mfuko, akavigusa vyuma vyake kimoja kimoja, akalikung'uta koti. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakanipotea. Nikabaki nasema nilichosema Kanzenze kilikuwa kweli, kwamba sikusema uongo.

"Kweli ulisema," akajibu. "Mi njo niliweka ile mupira, hakuna mutu mwingine. Uongo haiko." Akalitandika koti chini, akalinyoosha pembe zote nne. "Ila batu bananiambiaka ulisema mbio. Afande hakumaliza hata kuuliza."

Niliona aibu hadi masikioni. Kwamba tungekwenda wawili, hilo hakulisema, lakini nililisikia.

Akalibonyeza tairi la baiskeli yangu kwa dole gumba. "Nyuma iko inapunguka upepo. Leta."

Nikamwambia haina haja. Alikuwa tayari amekwisha kuilaza juu ya koti. Akalitoa tairi, akaivuta tyubu, akaanza kuipitisha kwenye karai la maji akitafuta tundu. Na mimi niliyesimama pale na aibu yangu yote, nikajikuta nimeinama kidogo, nimekaza macho kwenye mikono yake, kuona kama hatoboi jingine.

Akaniona. Alisogea pembeni, akaligeuza karai upande wangu, ili nione vizuri.